Milango yote imefungwa, taa ya dari bado inawaka kwa mbali. Umeme unapitia wapi?

#1 Msafiri_Usiku
Wakuu habari zenu. Nisaidieni kabla sijaanza kuamini mambo ya ajabu.

Jana usiku nilikaa garini namsubiri mtu. Milango imefungwa, ufunguo nimetoa, giza totoro. Nikainua kichwa, nikakuta taa ya dari inanikodolea: nukta sita ndogo, hafifu kama vimulimuli vilivyochoka. Hazimuliki kitu, lakini zinawaka. Nikasubiri dakika ishirini, zipo tu.

Historia yake: wiki mbili zilizopita nilitoa balbu ya zamani, ile ndefu yenye vichwa vya chuma huku na huku, wati 10, nikaweka LED ya umbo hilohilo. Swichi ya taa naiacha kwenye DOOR siku zote. Nikifunga mlango taa inafifia polepole, sekunde mbili tatu hivi, halafu inabaki na hizo nukta. Balbu ya zamani haikuwahi kufanya hivi.

Maswali mawili. Huo umeme unapitia wapi? Na je, utanimalizia betri?

#2 Tausi77
Naweka kambi. Ya kwangu inafanya hivyohivyo, nilidhani ni macho yangu.

#3 Kidole_Juu
LED feki hiyo. Tupa, weka nyingine. Uzi ufungwe.

#4 Fundi_Kimya
Uzi usifungwe.

Mleta mada, wengi wanadhani taa hiyo ni kama ya nyumbani. Nyumbani swichi inakata waya wa moto. Kwenye magari mengi taa ya dari ina moto saa zote, ufunguo uwepo usiwepo. Unatoka betri, unapita fyuzi iliyoandikwa ROOM au DOME, unafika kwenye taa na kukaa hapo unasubiri. Kinachokatwa na kuungwa ni ethi, yaani njia ya kurudi betri kupitia bodi ya gari. Ukifungua mlango, kile kipini cha kwenye fremu kinachomoka, waya unagusana na bodi ya gari, umeme unapata njia ya kurudi betri, taa inawaka. Ukifunga, mlango unakisukuma kipini ndani na njia inakatika.

Swichi ya kwenye taa yenyewe ina sehemu tatu. ON inaipeleka taa moja kwa moja kwenye ethi. DOOR inaipeleka kwenye waya wa milango. OFF haiipeleki popote. Kwa hiyo leo usiku kaa humohumo gizani, sogeza kwenye OFF. Nukta zikizima, kuna kitu kinavuja kwenye waya wa milango. Zisipozima, rudi tuanze upya.

#5 Mama_Gereji
Fundi_Kimya kasema "mengi", msije mkanukuu "yote". Baadhi ya Ford za zamani swichi ya mlango inakata upande wa moto. Ukienda na akili ya ethi kwenye gari la namna hiyo utazunguka siku nzima.

#6 Msafiri_Usiku
Nimejaribu sasa hivi. OFF inazima kabisa, nyeusi ti. Nikirudisha DOOR, nukta zinarudi.

#7 Kidole_Juu
Basi iache OFF. Uzi ufungwe kwa mara ya pili.

#8 Binti_Fyuzi
Kidole_Juu wewe ungekuwa daktari ungewakata watu vichwa ili waache kuumwa navyo.

Swali la kwa nini balbu ya zamani haikuonyesha kitu ni rahisi. Balbu ya wati 10 kwenye volti 12 inataka kama ampia 0.83 ili iwake sawasawa. Uzi wa ndani ya balbu lazima uchemke kwanza ndipo utoe mwanga. Ukiupitishia miliampia (sehemu ya elfu ya ampia) moja au mbili, hata vuguvugu haupati, na wewe huoni chochote. LED haihitaji kuchemka. Miliampia moja tu inatosha kuonekana gizani. Kwa hiyo huenda mvujo ulikuwepo tangu siku umenunua gari, ila balbu ya zamani ilikuwa inakutunzia siri.

#9 Tausi77
Siri za balbu. Nimeipenda hiyo.

#10 Chuma_Kutu
Mimi yalinikuta. Kile kipini alichosema Fundi_Kimya kina kofia ya mpira. Ya kwangu ilipasuka, maji yakaingia kila nikiosha gari. Nilipofungua ile skrubu moja na kuvuta swichi, nyuma yake kulikuwa na ukungu wa kijani kama chumvi, umejenga daraja kutoka kwenye pini hadi kwenye bodi. Maji yenye chumvi na uchafu yanapitisha umeme kidogo hata kama kipini kimesukumwa ndani. Nilipiga msasa laini, nikafuta, nikaweka mpira mpya, nukta zikaisha.

Ila angalia unapoitoa swichi: usiuachie waya ukarudi ndani ya tundu. Mimi niliuvua kwa waya wa hanga nusu saa nzima huku natukana.

#11 Mzee_Mita
Chuma_Kutu, ushahidi wako ni mzuri lakini sidhani kama ni wa gari hili. Rudi #1: anasema taa inafifia polepole. Kipini cha chuma hakijui kufifisha. Kinagusa au hakigusi. Taa ikififia maana yake kuna moduli, kompyuta ya bodi, inayoiwasha na kuizima mara mia kadhaa kwa sekunde huku ikipunguza muda wa kuwaka kidogo kidogo, jicho linaona mwanga unashuka. Kwenye magari ya namna hiyo swichi ya mlango inapeleka habari tu: "mlango uko wazi". Umeme wa taa haupiti hapo.

Kwa maoni yangu kinachovuja ni transista, swichi ya kielektroniki, ya ndani ya moduli. Transista haikati kabisa kama swichi ya chuma, na baadhi ya moduli hutuma umeme kidogo kukagua kama balbu ipo.

#12 Chuma_Kutu
Mzee wangu, ya kwangu nayo ilikuwa inafifia.

#13 Mzee_Mita
Ilikuwa inafifia baada ya kufunga mlango wowote, au wa dereva tu?

#14 Chuma_Kutu
Hapo umenikamata. Wa dereva nakumbuka. Mingine sikuwahi kutazama.

#15 Rubani_wa_Nchi_Kavu
Kabla hamjafungua moduli ya watu: ufunguo unapoingia kuna kile kimwanga cha duara kuzunguka tundu la ufunguo? Kwenye magari mengine kinawaka na kuzima pamoja na taa ya dari kwa waya uleule. Na swichi za dari zenye kitaa kidogo ndani ili uzione gizani, nazo zinaweza kuwa njia ya umeme kurudi.

#16 Msafiri_Usiku
Kimwanga cha ufunguo kipo, kinakaa kidogo baada ya kufunga mlango kisha kinazima. Au sijui kama kinazima kabisa, leo nitaweka mkono kuziba mwanga nitazame.

Kuhusu betri bado hamjanijibu.

#17 Binti_Fyuzi
Samahani. Hesabu hizi hapa. Nukta zako tuseme ni miliampia mbili. Betri ya saa-ampia 45 ingechukua miaka miwili na nusu kuisha kwa mbili hizo, na itakuwa imejifia yenyewe kabla ya hapo. Gari zima likilala linaruhusiwa kula mpaka karibu miliampia 50 kwa ajili ya saa, king'ora, kumbukumbu ya redio na kadhalika. Nukta zako hata hazihesabiki.

Linganisha na kuisahau taa yenyewe imewaka. Balbu ya wati 10 inakula ampia 0.83, betri hiyo inafika nusu kwa saa 27 hivi, na betri kuukuu kwenye nusu haivuti stata. Ndiyo maana watu wanasahau mlango haujashika vizuri Ijumaa, Jumapili gari limekufa. LED ya wati moja inakula ampia 0.08 tu, ungesahau wiki nzima na gari likawaka. Hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kuweka LED, weupe wa mwanga ni mapambo.

#18 Tausi77
Magari ya siku hizi si yanazima yenyewe ukisahau?

#19 Mama_Gereji
Mengi ndiyo. Moduli inahesabu dakika kadhaa halafu inakata. Lakini soma kitabu cha gari lako, maana kwenye mengine inakata taa inayofuata mlango tu. Ukiweka ON kwa mkono inakuamini kwamba unajua unachofanya.

#20 Pangaboi
Mimi nilitatua kwa kuchomoa fyuzi ya ROOM. Nukta kwisha.

#21 Binti_Fyuzi
Na saa je? Na stesheni za redio?

#22 Pangaboi
Saa inaonyesha saa ya ajabu kila asubuhi. Stesheni zimefutika. Rimoti haifungui milango. Kumbe ndiyo sababu?

#23 Kidole_Juu
Niliambiwa mimi ndiye mkata vichwa, kumbe tuko wengi.

#24 Fundi_Kimya
Ndiyo sababu mkuu. Fyuzi hiyo kwenye magari mengi inabeba vitu vyote vinavyotakiwa kuwa macho usiku. Na ndiyo njia nzuri ya uchunguzi kwa kinyume: taa ya dari haiwaki kabisa na saa imepotea siku hiyohiyo, usiguse balbu, anza na fyuzi.

#25 Msafiri_Usiku
Nimerudi na mita. Nimetoa LED, nikapima kati ya vishikio viwili vya balbu, milango imefungwa, swichi DOOR. Inasoma volti 11.4! Hiyo si karibu betri nzima? Mtu anasema mvujo mdogo, mita inasema umeme wote upo.

#26 Mzee_Mita
Mita imekudanganya kwa adabu. Mita ya dijitali yenyewe karibu haivuti umeme, ukinzani wake ni kama megaomu 10. Kwa hiyo hata njia nyembamba kama unywele inatosha kuifikishia volti zote. Ni kama bomba lililoziba: likiwa limefungwa mwishoni presha inasoma vizuri, ukifungulia yanatoka matone.

Rudisha balbu ya zamani ya wati 10 kwenye vishikio, pima tena ikiwa humo. Ukiona sehemu ndogo sana ya volti, ni mvujo. Ukiona volti za maana na balbu haiwaki, balbu imekufa.

#27 Msafiri_Usiku
Volti 0.01 na balbu ikiwa humo. Nimeelewa sasa, nimejiona mjinga kidogo.

#28 Mzee_Mita
Hakuna mjinga. Mimi nilibadilisha moduli nzima ya mtu kwa sababu ya kosa hilohilo, miaka hiyo. Nikamrudishia hela yake.

#29 Rubani_wa_Nchi_Kavu
Dawa yake inajulikana: rezista, kile kipande kidogo cha kukinza umeme. Kiloomu moja, ya nusu wati, unaiunga sambamba na LED, mguu huku mguu huku. Miliampia mbili zikipita kwenye kiloomu moja zinatengeneza volti mbili tu, LED nyingi za dari zina vipande vitatu mfululizo zinataka volti nane kwenda juu ndipo ziwake. Nukta zinazima.

#30 Pangaboi
Mimi nilifunga rezista mfululizo kwenye waya wa LED, haikusaidia, taa ilipungua mwanga tu na nukta zikabaki.

#31 Rubani_wa_Nchi_Kavu
SAMBAMBA, mkuu. Sambamba. Wewe tusikuache karibu na gari lolote.

#32 Chuma_Kutu
Rezista siipingi ila unaziba mdomo wa mgonjwa. Kama ni kutu inakula swichi, mwakani taa itawaka nzima usiku kucha.

#33 Bibi_Breki
Mimi sina ujuzi wa nyaya, nina swali la pembeni. Baba yetu tulikuwa tukiwasha taa ya ndani usiku anafoka, "zima, askari watatukamata!" Ilikuwa sheria kweli au alikuwa anatutisha?

#34 Tausi77
Hahaa, kumbe baba yetu ni mmoja.

#35 Mama_Gereji
Kila mzazi duniani nadhani. Shangazi, sababu ya maana ni kioo. Ndani kukiwa na mwanga na nje giza, kioo cha mbele kinageuka kuwa kioo cha kujitazamia, dereva anaona koti lake badala ya mtu anayevuka. Na macho yake yanapoteza mazoea ya giza. Kuyazoea giza kikamilifu kunachukua dakika 20 mpaka 30, kuyapoteza ni sekunde chache. Ndiyo maana taa za kusomea ramani zinatengenezwa zimulike pajani tu, na taa za dashibodi zina gurudumu la kupunguzia.

#36 Kidole_Juu
Hilo gurudumu! Nilihangaika miezi mitatu na taa ya dari inayowaka hata milango ikifungwa. Nimebadilisha swichi ya mlango, nimelaumu mvua, nimelaumu shemeji. Kumbe kuna mtu alilizungusha gurudumu la mwanga wa dashibodi mpaka mwisho kabisa, likapiga "tk", na kwenye gari lile mwisho ule ndiyo unawasha taa ya dari. Nikarudisha nyuma, basi.

#37 Binti_Fyuzi
Na huyo ndiye alituambia uzi ufungwe post ya tatu.

#38 Fundi_Kimya
Ila msichanganye: taa za dashibodi kwa kawaida ni mzunguko mwingine, zinafuata taa za maegesho na mara nyingi fyuzi yao imeandikwa TAIL. Dashibodi ikizima pamoja na taa ndogo za nyuma, usitafute kitu darini.

#39 Nyota_ya_Buti
Mimi mwizi wangu wa betri alikuwa taa ya buti. Nimemjuaje? Niliwasha simu irekodi video, nikaiweka ndani ya buti, nikafunga. Video inaonyesha mfuniko unashuka, giza linatarajiwa, halikuja. Swichi ilikuwa imepinda.

Tatizo ni kwamba na ufunguo niliuacha humohumo, pembeni ya simu.

#40 Tausi77
😂😂 Video ina urefu gani?

#41 Nyota_ya_Buti
Saa moja na dakika kumi. Mpaka fundi wa kufuli anasikika akicheka.

#42 Mama_Gereji
Kisanduku cha dashibodi nacho kijaribuni hivyohivyo, na vile vitaa vya kioo cha kujipambia kwenye kizuia jua. Watu wanavisahau.

Na mleta mada, kabla hujaendelea kuchokonoa dari: ule moto uko pale saa zote, kama alivyosema Fundi_Kimya. Bisibisi ikigusa kishikio cha moto na chuma cha dari kwa pamoja ni cheche na fyuzi kwaheri. Kifuniko kibanduliwe kwa kadi ya plastiki. Na ukiona plagi au waya wa njano kwenye nguzo za pembeni, rudisha kifuniko chake polepole. Njano kwa kawaida ni mifuko ya hewa.

#43 Msafiri_Usiku
Nashukuru. Cheche nimeshaziona tayari, nilikuwa naona aibu kusema. Fyuzi ya ampia 10, nimeweka nyingine ya 10.

#44 Fundi_Kimya
Safi. Ungeweka ya 30 ningehama jukwaa.

#45 Msafiri_Usiku
Mrejesho, wakuu. Jana mvua ilinyesha mchana kutwa. Usiku nimekaa garini na blanketi kichwani kama mpiga picha wa zamani. Niliyoyaona:

Nukta zilikuwa kali kuliko siku zote, ukisogea karibu unaona kidole.

Nimechomoa swichi ya mlango wa dereva: zimepungua, karibu nusu. Nimechomoa ya abiria wa mbele: hakuna badiliko. Za nyuma zote mbili: zimepungua tena kidogo, lakini HAZIJAZIMA. Swichi zote nne ziko mkononi mwangu na taa bado ina nukta.

Mpira wa mlango wa dereva umepasuka kama wa Chuma_Kutu. Ukungu wa kijani upo. Kimwanga cha ufunguo nacho kwa kuziba na mkono kinaonekana kinawaka, kwa mbali sana.

#46 Chuma_Kutu
Nilisema.

#47 Mzee_Mita
Ulisema nusu. Swichi zote ziko nje na bado inawaka, hiyo nusu nyingine ni moduli.

#48 Binti_Fyuzi
Subirini. Mzee_Mita alisema kwenye #11 kwamba kwenye gari linalofifisha taa umeme haupiti kwenye kipini. Mbona kuchomoa kumepunguza?

#49 Mzee_Mita
Nakubali nilijumlisha mno. Kuna magari, hasa ya kipindi cha kati, kifaa cha kufifisha kimefungwa sambamba na vipini kwenye waya uleule. Kipini kinawasha kwa chuma, kifaa kinashika mlango ukifungwa na kushusha taratibu. Basi waya huo una njia mbili za kuvujia, kutu na transista. Hili linaonekana ni la namna hiyo. Kwenye magari mapya zaidi hata kipini hakipo, swichi imejificha ndani ya loki ya mlango.

#50 Rubani_wa_Nchi_Kavu
Mnasahau kimwanga cha ufunguo. Kinawaka na taa ya dari, kinazima nayo. Anaweza kuwa ndiye njia.

#51 Mzee_Mita
Huyo ni abiria mwenzake. Analipia nauli kwenye waya uleule, hajajenga barabara.

#52 Rubani_wa_Nchi_Kavu
Inategemea upande wake wa pili umeungwa wapi. Mleta mada akitoe tuone.

#53 Mama_Gereji
Mwenye gari, una king'ora kilichofungwa baadaye, si cha kiwandani?

#54 Msafiri_Usiku
Ndiyo. Nilinunua gari nikakikuta.

#55 Mama_Gereji
Basi mjue mafundi wa ving'ora wanapenda kudonoa waya wa milango ili king'ora kijue mlango umefunguliwa. Kisanduku hicho kinaweza kuvuta miliampia zake hapohapo. Tafuta kisanduku chini ya dashibodi, chomoa plagi yake kubwa, tazama nukta. Moduli ya kiwandani iwe ya mwisho kulaumiwa.

#56 Pangaboi
Nami nina king'ora. Nichomoe?

#57 Rubani_wa_Nchi_Kavu
Hapana.

#58 Binti_Fyuzi
HAPANA.

#59 Msafiri_Usiku
Nimekipata kisanduku, kimefungwa kwa utepe mweusi pamoja na nyaya kama kumi za rangi moja. Rangi moja zote, wakuu. Swichi ya dereva nimesafisha na mpira mpya nimeweka. Usiku wa leo nukta ni tatu, zile tatu nyingine sizioni.

Ila leo mvua haikunyesha.

#60 Chuma_Kutu
Mwaga ndoo ya maji mlangoni ujue moja.

#61 Mzee_Mita
Kabla ya ndoo, chomoa king'ora. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo tutabishana hapa mpaka gari liuzwe.